Sura ya Saba: Miaka ya Kungojea Bima

Mfanyakazi wa Marekani aliyevuka umri wa miaka 55, anapowaza siku atakayoagana na kazi, hana budi kukabili maswali matatu: akiba yake yatosha kumlisha kwa miaka mingapi, mwili wake utamstahimili kwa muda gani, na nani atakayemlipia tabibu siku atakapougua. Mawili ya kwanza ni maswali ya kale, na kila taifa lililojua ujira na uzee limeyajua. La tatu lina uzito wa pekee katika nchi ile, kwa sababu sheria na ada vimefungamanisha matibabu ya mtu na kazi yake, hata yule anayestaafu kabla ya umri uliowekwa hupoteza, siku hiyohiyo au mwishoni mwa mwezi huo, kadi iliyokuwa ikimpokelea dawa na kumlaza hospitalini. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha kwa hesabu na kwa mifano, ni kwamba swali hilo la tatu huwatawala wafanyakazi wazee wa Marekani kuliko yale mengine mawili. Kwamba maelfu kwa maelfu hubaki kazini kwa hofu ya maradhi hali chakula cha nyumbani wanacho. Na kwamba hofu hiyo imetokana na sheria zilizotungwa kwa nyakati mbalimbali na watu mbalimbali, wala haikuandikwa katika maumbile ya uzee.

Asili yake inastahili kusimuliwa, maana hakuna aliyekusudia mambo yawe hivi. Katika mwaka 1929 hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Dallas, ikiwa imelemewa na madeni ya wagonjwa wasiolipa, ilipatana na walimu wa mji ule kwamba kila mmoja atoe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua atalazwa hata siku 21 pasipo kudaiwa zaidi. Aliyebuni mpango huo, Justin Ford Kimball, alikuwa amepata kuwa msimamizi wa shule za mji, na aliwajua walimu wake na mifuko yao. Ulikuwa mpango mdogo. Lakini ndani yake mlikuwamo kanuni mbili zilizokuja kuenea nchi nzima, yaani kwamba watu wakatiwe bima kwa makundi, na kwamba kundi lenyewe liwe la watu wa kazi moja. Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, serikali ilizuia mishahara isipande, kwa sheria ya Oktoba 1942, ili bei za vitu zisiruke mpaka; nao waajiri, waliokuwa wakigombea wafanyakazi wachache waliosazwa na jeshi, wakatambua kwamba michango ya bima haikuhesabiwa kuwa mshahara, wakaanza kuwavuta watu kwa bima pale walipokatazwa kuwavuta kwa fedha. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba kile anachokitoa mwajiri kwa bima ya mfanyakazi hakitozwi kodi ya mapato, na tangu siku hiyo dola iliyolipwa kwa njia ya bima imekuwa na manufaa kuliko dola iliyolipwa kwa njia ya mshahara. Rais Harry Truman alikwisha kuliomba Bunge, mnamo Novemba 1945, litunge bima ya taifa zima. Chama cha madaktari kikampinga kwa ukali, na Bunge halikutunga. Ndivyo hila ya wakati wa vita ilivyogeuka desturi, na desturi ikawa msingi wa afya ya taifa lenye utajiri mkubwa kuliko yote duniani.

Mpango uliosimama juu ya kazi huwaacha nje wasiokuwa na kazi, na hakuna walioachwa nje kwa ukamilifu kuliko wazee, ambao kwa kuwa maradhi yao ni mengi makampuni ya bima yaliwakimbia, na kwa kuwa wamekwisha kustaafu hawakuwa na mwajiri wa kuwasimamia. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Tarehe 30 Julai 1965, katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake mbele ya Truman mwenyewe, aliyekuwa sasa mzee wa miaka 81, na kadi ya kwanza akapewa Truman. Huduma zilianza tarehe 1 Julai 1966. Umri uliochaguliwa ulikuwa miaka 65, kwa kuwa ndio uliokwisha kuwekwa na sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 kwa ajili ya pensheni. Lakini pensheni haikutulia hapo ilipowekwa. Mwaka 1956 wanawake waliruhusiwa kuanza kuichukua wakiwa na miaka 62, ikiwa imepunguzwa. Mwaka 1961 wanaume nao wakaruhusiwa. Na mwaka 1983 Bunge likaamuru kwamba pensheni timilifu isogezwe kidogo kidogo hata ifikie miaka 67 kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baada yake. Medicare ikabaki palepale. Kwa hiyo mfanyakazi wa leo amewekewa tarehe tatu katika uzee wake: miaka 62, awezapo kupokea pensheni pungufu, miaka 65, apatapo bima, na miaka 67, apatapo pensheni kamili. Pengo la miaka mitatu lililo baina ya tarehe ya kwanza na ya pili ndilo linalowashika watu.

Ili kuona linavyowashika, yafaa tutazame fedha. Uchunguzi unaofanywa kila mwaka na taasisi ya KFF juu ya waajiri wa Marekani ulionyesha kwamba katika mwaka 2024 wastani wa gharama ya bima ya familia moja kazini ulikuwa dola 25,572, na kwamba katika hizo mfanyakazi mwenyewe alikatwa dola 6,296. Zilizosalia, karibu robo tatu, zilitolewa na mwajiri, na mfanyakazi hakuziona kwa macho yake. Anayeacha kazi akiwa na miaka 62 huziona zote kwa mara moja. Ipo sheria iitwayo COBRA, iliyoanza kutumika mwaka 1986, ambayo humruhusu aliyetoka katika kazi yenye wafanyakazi 20 au zaidi kubaki katika bima ileile kwa miezi 18, kwa sharti la kulipa gharama nzima pamoja na nyongeza ya asilimia 2 ya uendeshaji. Kwa familia ya wastani hizo ni dola 26,000 na ushei kwa mwaka, nazo hudaiwa katika mwaka uleule ambao mshahara umekatika. Hata hivyo, sheria hiyo imetia alama yake katika kalenda za watu: ukiondoa miezi 18 katika miaka 65 hubaki miaka 63 na nusu, na washauri wa fedha nchini Marekani humtajia mteja umri huo mara kwa mara, wakimwambia kwamba akiweza kuvumilia mpaka hapo basi atavuka hata Medicare bila kukaa siku moja pasipo kinga. Fikiri maana yake. Mtu amefanya kazi miaka 40, ana nyumba aliyokwisha kuilipia na wajukuu asiowaona ila sikukuu, nayo siku ya kupumzika anapangiwa na kifungu cha sheria ambacho hapo mwanzo kiliwekwa ili kumsaidia aliyefukuzwa kazi.

Tena kuna jambo la mume na mke, ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka, na ambalo mimi naliona kuwa kiini cha dhiki hii katika nyumba nyingi. Bima ya kazini ni ya familia. Medicare ni ya mtu mmoja. Haina mke, haina mume, haina mtoto. Tuchukue mfano wa dereva wa basi la mji, aliyetimiza miaka 65 na magoti yake yamekwisha kuchakaa kwa kukanyaga breki, ambaye mkewe ana miaka 59, anauza mikate aliyoioka nyumbani, na anatibiwa shinikizo la damu. Dereva huyu amefika alipokuwa akingojea kufika, na sheria inamkaribisha. Lakini akitoka kazini leo, mkewe ataipoteza bima ya kazini hali Medicare yake ingali mbali kwa miaka sita. Basi haachi kazi. Anaendelea kuamka usiku wa manane wakati wa theluji, si kwa ajili ya tumbo lake wala afya yake, bali kwa ajili ya vidonge vya mkewe. Na kama mke naye ni mwenye staha, kila asubuhi amwonapo mumewe akichechemea kwenda kituoni hujihesabu kuwa yeye ndiye mzigo. Wanandoa wengi Marekani wametofautiana umri kwa miaka miwili, mitatu au mitano, na katika kila nyumba ya namna hiyo iliyo na mwajiriwa mmoja tu mwenye bima, umri wa kustaafu wa mkubwa huamuliwa na umri wa mdogo.

Kabla ya mwaka 2014 hali ilikuwa nzito zaidi ya hii, na wasomaji vijana huenda wakaona taabu kuiamini. Aliyetaka kujinunulia bima nje ya kazi, katika sehemu kubwa ya majimbo, aliulizwa habari za mwili wake tangu utotoni; aliyekuwa na kisukari, au aliyepata kuugua saratani, au hata aliyewahi kupata matatizo ya moyo, kampuni iliweza kumkataa, au kumkubali huku ikiyatenga maradhi yaleyale aliyohitaji kutibiwa. Ni nani aliyefika miaka 58 pasipo kasoro yoyote ya kuandikwa katika fomu? Kwa mtu wa namna hiyo akiba ilikuwa haifai kitu. Angeweza kuwa na fedha za kula miaka 30, na bado asiwe na ruhusa ya kuacha kazi, kwa maana upasuaji mmoja na wiki mbili za kulazwa vingeweza kufagia kila alichoweka.

Wataalamu wa uchumi walianza kulipima jambo hili kwa bidii katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 Brigitte Madrian alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba bima ya kazini iliwapunguzia watu uhuru wa kuhama kutoka kazi moja hata nyingine kwa kiasi cha robo. Mwaka uliofuata, yeye na Jonathan Gruber wakawageukia wazee. Majimbo kadhaa yalikuwa yametunga sheria zao za kuendeleza bima kabla ya COBRA, kila jimbo kwa wakati wake na kwa miezi yake, na tofauti hizo ziliwapa wachunguzi njia ya kulinganisha watu waliofanana kwa mengi isipokuwa hilo moja. Waliona kwamba mwaka mmoja wa kuruhusiwa kuendelea na bima uliongeza uwezekano wa wanaume wa miaka 55 hadi 64 kustaafu kwa kiasi cha asilimia 30. Na mwaka 2005 jimbo la Tennessee, bila kukusudia, likatoa ushahidi wa upande wa pili: lilipowaondoa watu wazima wapatao 170,000 katika bima ya umma, wengi wao wenye miaka 40 na zaidi walimiminika kutafuta kazi, na hasa kazi zenye bima. Anayesoma matokeo haya pamoja hawezi tena kudai kwamba watu hawa wanasukumwa na mapenzi ya kazi. Mpe mtu wa umri ule tabibu, naye atapumzika. Mnyang'anye tabibu, naye atarudi kubeba mizigo.

Yamkini msomaji atauliza kama waajiri hawakuwa na wajibu kwa watu waliowatumikia maisha yao yote. Kwa muda fulani waliukubali wajibu huo. Mwaka 1946, baada ya mgomo ulioilazimu serikali kuyatwaa machimbo ya makaa ya mawe, kiongozi wa wachimbaji John L. Lewis alipata mkataba uliounda mfuko wa afya na pensheni kwa wachimbaji, na baada yake vyama vya wafanyakazi wa magari, wa chuma na wa mipira vikadai na kupata bima itakayomfuata mfanyakazi baada ya kustaafu. Mchimbaji aliyekuwa amejaza vumbi la makaa kifuani, au fundi wa magari aliyeanza kazi akiwa na miaka 18, aliweza kutoka akiwa na miaka 55 pasipo kuogopa. Ahadi hizo zilitolewa kwa wepesi kwa sababu waliozitoa hawakulazimika kuziandika popote kuwa deni. Bodi ya uhasibu ilipoamuru mwaka 1990 kwamba kila kampuni iandike katika hesabu zake gharama ya matibabu iliyowaahidi wastaafu, vitabu vilitisha: General Motors peke yake iliandika gharama ya dola bilioni 20.8 katika mwaka 1992. Tangu hapo ahadi zikaanza kufutwa. Katika mwaka 1988, miongoni mwa waajiri wakubwa waliotoa bima kwa wafanyakazi, asilimia 66 waliwapa pia wastaafu; kufikia mwaka 2023 waliobaki walikuwa asilimia 21. Na waliokwenda mahakamani wakidai kwamba waliahidiwa bima ya afya kwa maisha yao yote, waliambiwa na Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya M&G Polymers ya mwaka 2015, kwamba mkataba uliokaa kimya juu ya muda haufai kudhaniwa kuwa ni wa milele. Kisheria hukumu hiyo inaeleweka. Kwa mzee aliyekubali mshahara mdogo katika miaka ya 1970 ili apate bima katika uzee, ni kulipa mara mbili na kupokea nusu.

Sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010 ilibadili mengi, na haitakuwa insafu kuitaja kwa haraka. Kuanzia Januari 2014 kampuni ya bima haikuweza tena kumkataa mtu kwa ajili ya maradhi yake; haikuweza kumtoza mtu wa miaka 64 zaidi ya mara tatu ya kile inachomtoza kijana wa miaka 21; na wenye kipato cha wastani wakapewa ruzuku. Kwa mara ya kwanza mtu wa miaka 60 mwenye kisukari aliweza kuacha kazi na bado akanunua bima kama watu wengine. Lakini hapo mwanzo ruzuku ilikatika ghafla mara kipato kilipozidi mara nne ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali, hata dola moja ya ziada ikaweza kumgharimu mstaafu maelfu. Ndipo watu wakajifunza kupima kila senti wanayoitoa katika akiba zao, wakiishi kwa kujibana hali fedha wanazo. Na kwa masikini zaidi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012 kwamba majimbo hayalazimiki kupanua bima ya umma ya Medicaid, na baadhi yakakataa, Texas na Florida miongoni mwao. Humo mtu aliyeacha kazi mapema akawa na kipato kilicho chini ya kiwango cha umaskini, hapati Medicaid wala ruzuku. Mwaka 2021 Bunge liliondoa ukomo ule na kuzidisha ruzuku, lakini kwa muda tu, na muda wenyewe ukawekewa kikomo mwishoni mwa mwaka 2025.

Wengi walitazamia kwamba baada ya 2014 wafanyakazi wazee wangetoka kazini kwa wingi. Wachunguzi waliolitafuta wimbi hilo hawakuliona wazi. Wapo wanaodai kwamba hii ni dalili kuwa bima haikuwa kikwazo kikubwa kama tulivyodhani. Mimi siafiki. Kupanga kustaafu ni kupanga kwa miaka kumi, na usiku wa tarehe 28 Julai 2017 jaribio la kuitengua sheria hiyo lilishindwa katika Baraza la Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, mmoja wa waliolizuia akiwa John McCain wa Arizona, aliyekuwa amegunduliwa karibuni kuwa na uvimbe wa saratani ubongoni. Mtu wa miaka 60 aliyesikia habari hiyo asubuhi alijua kwamba alichotaka kukiegemea kilikuwa kimesalimika kwa nafasi ya kura moja tu iliyogeuka. Haitoshi sheria iwepo. Ili mtu aache kazi ambayo kwa umri wake hatairudia tena, sharti aamini kwamba sheria itakuwapo pia mwaka kesho na mtondogoo. Medicare ina imani hiyo, kwa kuwa imedumu tangu 1966 na hakuna mwanasiasa athubutuye kuigusa waziwazi, na ndiyo maana watu huingojea.

Nimesema juu ya wanaongojea. Sasa niwaseme wale wasioweza kungoja, kwa kuwa hao ndio wanaonihuzunisha zaidi. Katika uchunguzi wa kila mwaka wa taasisi ya EBRI, karibu nusu ya wastaafu husema kwamba waliacha kazi mapema kuliko walivyopanga, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuugua au kulemaa. Mpango wa kubaki hata 65 ni wa mtu mzima wa siha. Maradhi hayaulizi mpango. Mfanyakazi wa ghala ambaye mgongo wake umevunjika akiwa na miaka 57 hupoteza kazi kwa sababu ya ugonjwa, na kwa kupoteza kazi hupoteza kile kilichowekwa kwa ajili ya ugonjwa. Ipo pensheni ya walemavu chini ya Hifadhi ya Jamii, lakini sheria humtaka asubiri miezi mitano kamili kabla ya malipo ya kwanza kuhesabiwa, kisha asubiri miezi 24 mingine ndipo aingizwe katika Medicare. Ni miezi 29 tangu siku aliyolemaa, mbali na muda wa kupelelezwa na kukata rufaa. Sharti hilo la miezi 24 limekuwapo tangu walemavu walipoingizwa katika Medicare kwa sheria ya mwaka 1972, na nia yake ilikuwa kupunguza gharama. Wamesamehewa wachache tu, kama wenye ugonjwa wa kupooza mishipa uitwao ALS, na wale ambao figo zao zimekufa wana njia yao nyingine. Wengine wote hungoja wakiwa wagonjwa, na wako wanaokufa ndani ya miezi hiyo. Ni vigumu kwangu kufahamu vipi taifa lililokubali kwa maandishi kwamba mtu huyu ni mlemavu asiyeweza kufanya kazi yoyote, likampa pensheni kwa hukumu hiyohiyo, laweza kumwambia kwamba tabibu atampata baada ya miaka miwili.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mambo haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Waafrika Mashariki waishio Marekani, kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo, wengi wamo katika kazi za kuwahudumia wazee na wagonjwa, majumbani na katika nyumba za kulelea wazee, na ni kazi ambamo huwainua na kuwageuza wengine vitandani huku ikiwavunja wenyewe migongo. Aliyefika akiwa na miaka 30 ataikamilisha hesabu ya Medicare pasipo tatizo, kwa maana sheria hudai robo-mwaka 40 za kazi zilizokatwa kodi, yaani miaka kumi, ndipo sehemu ya hospitali itolewe bila malipo ya mwezi. Aliyefika akiwa na miaka 58, kwa bahati nasibu ya viza au kwa kuitwa na mwanawe, hana budi kufanya kazi hata 68 ikiwa hana mwenzi ambaye kazi zake zaweza kumhesabia. La sivyo atainunua sehemu hiyo, ambayo kwa mwaka 2024 ilikuwa dola 505 kwa mwezi kwa aliyetimiza chini ya robo-mwaka 30. Na mzazi aliyeletwa na mwanawe akiwa mzee, ambaye hakupata kufanya kazi huko kabisa, haruhusiwi hata kuinunua mpaka awe amekaa nchini kihalali miaka mitano mfululizo. Mwana anayempokea mama yake uwanja wa ndege kwa furaha yapasa ajue kwamba kwa miaka hiyo mitano, isipokuwa jimbo lake lina njia nyingine au anunue bima sokoni, maradhi ya mama ni juu ya mfuko wake.

Liko na jambo la kurudi. Wengi wa watu wetu hawakuenda kuzikwa ugenini. Wamejenga Kisumu, Moshi, Tanga au Bujumbura, chumba kwa chumba, kwa nia ya kurejea uzeeni. Pensheni ya raia wa Marekani itamfuata karibu kila mahali. Medicare haitamfuata. Isipokuwa kwa hali chache mno, hailipi matibabu yaliyofanyika nje ya Marekani, hata senti, hata kama mtu amekatwa kodi yake kwa miaka 30. Basi mzee aliyerejea Tanga huingia katika hesabu ngumu kuliko zote tulizozitaja: aendelee kulipia sehemu ya madaktari, ambayo kiwango chake cha kawaida mwaka 2024 kilikuwa dola 174.70 kwa mwezi, pasipo kuitumia, ili siku akipatwa na jambo kubwa apande ndege akatibiwe. Au aiache, na akitaka kuirudia baadaye atozwe nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa nje yake, nyongeza ambayo kwa kawaida haiondoki maisha yake yote. Aliyeiacha kwa miaka sita atalipa zaidi kwa asilimia 60. Tena hawezi kuirudia siku yoyote atakayo, kwa kuwa mlango wa kujiandikisha kwa waliochelewa hufunguliwa kuanzia Januari hadi Machi tu.

Ndiyo sababu katika jamii zetu za ughaibuni hukuta wazee ambao nyumba zao za nyumbani zimekwisha kuezekwa na kutiwa rangi, na bado wanaingia zamu za usiku huko Minnesota, Ohio au Texas, wakiwa na miaka 66 na 67, wakiwaosha wazee wenzao. Watoto wao huwaona kuwa wakaidi, au kuwa wameipenda dola. Kwanza wawaulize wanaugua nini, dawa zao zagharimu kiasi gani Marekani na kiasi gani huko wanakotaka kurejea, na kama hospitali ya karibu huko yaweza kuwatibu. Kisha wakae nao kitako na karatasi, waandike tarehe ya robo-mwaka ya arobaini, tarehe ya miaka 65 ya baba na ile ya mama, na kile kitakachodaiwa kila mwezi baina ya hizo mbili. Hesabu hiyo wazee wengi wanaibeba peke yao kichwani.